Mikorosho Iuzwe, Binti Akasome TEHAMA?

MZAZI: Nina ekari tatu za mikorosho hapa Mtawanya, nusu yake nimeirithi kwa marehemu baba. Kuna mtu kutoka Dar es Salaam kaja mara mbili, anataka kipande cha upande wa barabarani. Binti yangu kamaliza kidato cha sita na kafaulu. Anachotaka ni shahada ya teknolojia ya habari, miaka mitatu. Sina ugomvi na shule. Nimewaita niulize jambo moja tu. Mkorosho ukiutunza unakula wewe, anakula mwanao, anakula mjukuu. Hiyo shahada inaliwa mpaka lini?

MWALIMU: Mkorosho nao, Mzee, usipoupulizia salfa ubwiri unga unamaliza maua, unaambulia kivuli. Hakuna mali inayojizalia tu. Binti yako ana pasi kuu tatu. Tume ya Vyuo Vikuu inataka pasi kuu mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4, kisha kila chuo kinaongeza masharti yake, hasa ya hisabati. Hisabati anayo. Tangu nianze kufundisha, wasichana waliotoka na hisabati ya namna ile nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki.

FUNDI: Hisabati anayo, hilo habishi mtu. Ila tusiuze shamba kwa sifa, Mwalimu. Mimi nina fremu pale stendi ya Kibiti. Niliishia kidato cha nne, nikaenda Kariakoo, nikakaa nyuma ya fundi mmoja mwaka mzima: nafagia, nafuata chai, nashika bisibisi. Leo nabadilisha kioo, naflashi, natengeneza sehemu ya chaji, na nina vijana wawili wanaojifunza kwangu. Na wasomi wa kompyuta wanakuja palepale na laptopu zao zimegoma.

MHITIMU: Msomi mwenyewe ni mimi, kaka, usizunguke. Na ile laptopu haikugoma, panya alikula waya wa chaja.

FUNDI: Lakini uliileta.

MHITIMU: Niliileta, na nitaileta tena. Mjomba, shikamoo. Mimi shahada ninayo, iko kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro. Nilimaliza 2020. Nimejaza maombi kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira mpaka nywila nimeikariri kama Fatiha. Mara moja niliitwa kwenye usaili Dodoma. Nauli nilikopa. Tulikuwa mamia, na nafasi zenyewe zisingejaza daladala. Ajira ya kwanza niliyopata kwa jina la TEHAMA ni ukarani wa Sensa, Agosti 2022: nikapewa kishikwambi, nikazunguka vitongoji, nikalipwa, ikaisha. Vishikwambi vile baadaye wakagawiwa walimu. Kilichonilisha mimi msimu ule sasa kiko kwenye mkoba wa Mwalimu.

MWALIMU: Ninacho hapa. Betri yake imechoka, lakini ninacho.

MZAZI: Basi jibu si limepatikana? Huyu ni mtoto wa dada yangu, nilimchangia mimi mwenyewe. Kasoma, karudi, anauza vocha na kutoa pesa kwenye kibanda cha wakala. Kuna haja gani ya kupita Dodoma ili ukae kwenye kibanda kilichoko mita mia mbili kutoka nyumbani kwenu?

MHITIMU: Mjomba, hapo umenichoma, na sikukatalii. Ila usinifanye mimi kuwa ushahidi kabla hujanisikiliza mpaka mwisho. Ninachokipinga ni kuuza shamba. Kusoma sikupingi. Watu wanavichanganya hivi viwili, ndiyo maana kila mjadala wa namna hii unaishia kwenye kelele.

FUNDI: Mimi naviunganisha makusudi, maana pesa ni ileile. Chukua hela ya ekari moja. Mnunulie laptopu nzuri, mlipie bando la mwaka, mkodishie fremu, mpe na mashine ya kuchapisha. Mkonga wa baharini ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Tangu hapo chuo kiko YouTube. Mwaka mmoja tu, binti anajua kutengeneza tovuti, anajua kuhariri picha, watu wa kadi za harusi wanampigia. Miaka mitatu ya chuo ikiisha, vitu alivyofundishwa mwaka wa kwanza vishapitwa. Na siku hizi kuna akili mnemba inayoandika programu yenyewe. Unamsomesha mtu kazi ambayo mashine ishaanza kumpokonya?

MWALIMU: Mashine imekupokonya wewe kazi?

FUNDI: Mimi nafanya kazi kwa vidole. Vidole haipokonyi.

MWALIMU: Sawa. Zile simu za mkopo, zinazojifunga mtu asipolipa, unazifungua?

FUNDI: ... Hizo siziwezi. Na ningeweza nisingefungua, ni kesi.

MWALIMU: Sikukuuliza habari ya kesi. Nimekuuliza kama unaweza.

FUNDI: Siwezi. Kariakoo wako wanaosema wanaweza, wengi wao wanakula pesa ya mtu tu. Kufuli haliko kwenye simu, Mwalimu. Liko mbali huko, kwenye seva ya wenyewe. Simu kila ikipata mtandao inauliza: huyu kalipa? Ikiambiwa hajalipa, inazima.

MWALIMU: Aliyeandika lile swali na lile jibu, hakubadilisha kioo hata kimoja maishani mwake.

MZAZI: Mnaongea mafumbo. Nami nina la kwangu. Msimu wa juzi nilipeleka korosho kwenye chama cha msingi, sitaji kipi, wenyewe mnakijua. Mzani ulisema lake, karatasi ikasema lake. Nikauliza. Nikaambiwa, "Mzee, mfumo unasumbua, njoo kesho." Kesho yake mfumo unasumbua. Wiki nzima mfumo unasumbua. Nimekwenda hospitali, mfumo unasumbua. Nimekwenda kulipia kiwanja, mtandao uko chini. Enzi zetu karani akikuibia ulikuwa unamjua, ana jina, unamkuta msikitini Ijumaa. Huyu Mfumo anaswali wapi?

(Kicheko kilichofuata hapa kilikuwa kirefu. Mimi niliyekuwa naandika nilicheka pia, halafu nikaona kwamba katika mazungumzo yote hakuna aliyelijibu swali lile.)

MWALIMU: Mzee, hofu yako ina wenzake wakubwa. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, 1974, serikali hiyohiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Unajua kwa nini? Hesabu za serikali zilizokuwa zinapitishwa kwenye mashine zilivurugika, fedha nyingi ziliteketea, na watu wetu wenyewe wa kuelewa kilichoharibika walikuwa wachache mno. Tulitegemea wageni. Mashine ikituambia jambo, hatukuwa na wa kuibishia.

MZAZI: Kumbe nilikuwa na wenzangu wizarani. Na walifanya vizuri.

MWALIMU: Walifanya walichoweza. Ila hesabu hazikujipanga zenyewe kwa kufungia kompyuta nje, na sera ya kwanza ya TEHAMA tukaja kuiandika mwaka 2003, wenzetu wakiwa wameshatuacha mbali. Tulizikimbia mashine kwa sababu hatukuwa na wataalamu, halafu kwa kuzikimbia tukachelewa kupata wataalamu. Na wewe leo unaambiwa mfumo unasumbua, kijiji kizima hakuna mtu anayeweza kumuuliza karani, "Unasumbua wapi? Kwenye mtandao, kwenye seva, au kwenye kidole chako?"

FUNDI: Kwani huyu mhitimu wetu alimuuliza?

MHITIMU: Nilimuuliza. Akaniambia mimi si mjumbe wa bodi ya chama. Hapo nakupa haki yako, kaka: shahada haikupi kiti. Lakini acha niseme tulichosoma, maana watu wanadhani miaka mitatu tunafundishwa kuchapa barua. Mwaka wa kwanza ni hisabati bainifu, misingi ya kuandika programu, jinsi kompyuta ilivyoundwa, na stadi za mawasiliano. Mwaka wa pili, hifadhidata, mitandao, mifumo endeshi, uchambuzi wa mifumo. Wa tatu, usalama na mradi wako mwenyewe. Likizo ndefu unakwenda fildi. Sasa chukua kitu kimoja tu. Mjomba, ukimtumia shangazi elfu hamsini kwa M-Pesa, mambo mawili yanatokea: kwako inapungua elfu hamsini, kwake inaongezeka elfu hamsini. Umeme ukikatika katikati, kwako imeshapungua, kwake haijaongezeka, pesa iko wapi?

MZAZI: Kwa Mfumo.

MHITIMU: Ndiyo swali lenyewe! Katika hifadhidata kuna kanuni: ama yote mawili yatokee, ama lisitokee hata moja. Likikwama katikati, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Wahandisi waliumiza vichwa miaka ili kanuni hiyo ishike hata umeme ukizima, hata watu elfu kumi wakituma pesa sekunde moja. Huduma ile ilipoingia nchini mwaka 2008 watu waliishangaa simu. Mimi nilipoingia darasani nikajua cha kushangaza hakikuwa simu. Sasa rudi kwenye mzani wako. Kilo zimeandikwa mara mbili, na watu wawili, sehemu mbili tofauti, na hakuna kanuni inayozifunga pamoja. Mimi nikisikia "mfumo unasumbua" pale, najua hakuna mfumo uliosumbuka. Hapajawahi kuwa na mfumo. Pana kompyuta juu ya meza.

FUNDI: Hiyo kanuni hata YouTube ipo.

MHITIMU: Ipo. Ungeitafuta kwa jina gani?

FUNDI: ...

MHITIMU: Sikutanii, kaka. Mtu huwezi kutafuta kitu usichojua kama kipo. Ndicho chuo kilichonipa, na siwezi kukiuza kwenye kibanda. Sasa geuza upande wa pili. Mtihani wa kuandika programu tuliufanya kwa kalamu, kwenye karatasi. Chuo sikitaji. Unaandika mistari arobaini ya programu kwa wino, mashine hujaigusa, na ukisahau nukta mkato unakatwa alama. Maabara ina kompyuta za kuhesabika, mnakaa wanne kwenye kiti cha mmoja, mwenye mwili ndiye anayeshika kicharazio. Nilikula sapu, mtihani wa marudio, ya hisabati bainifu. Rafiki yangu wa chumba kimoja, kijana wa Mafia, alidisko, yaani aliondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa pili, na alikuwa ananizidi akili. Kilichomshinda ni Kiingereza. Darasa la kwanza hadi la saba Kiswahili, sekondari walimu wanachanganya, ghafla mhadhiri anamwaga saa mbili Kiingereza kitupu. Ukitaja unatoka Kibiti, wenzako wanakuuliza habari za mauaji ya 2017, hakuna anayekuuliza umeelewa somo.

MWALIMU: Hilo la lugha linaniuma kuliko yote. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa programu kamili ya kazi za ofisini kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Watu walikaa wakatunga maneno. Wataalamu wakasema tuite ngamizi, Wakenya wakasema tarakilishi, wananchi wakaendelea na kompyuta yao. Programu yenyewe ni nani anayo leo? Mwanafunzi wangu anaelewa hisabati kwa Kiswahili, anafanya mtihani kwa Kiingereza, halafu tunasema hana akili.

FUNDI: Kwenye fremu yangu tunafundishana kwa Kiswahili. Hajadisko mtu.

MAMA: Naomba nami niseme, maana uji umeshaiva na hamjamaliza. Baba watoto, kaka yake huyu alipofeli kidato cha nne ulimnunulia bodaboda. Uliuza magunia ya korosho na ng'ombe uliokuwa umewaweka kwa watu wa bara. Ulimwita Mwalimu? Ulimwita fundi? Ulimwita mpwa wako aje na bahasha yake? Hukuitisha baraza. Pikipiki ile imekaa miezi minane, ikagongwa pale Bungu, leo ni vyuma vimelala nyuma ya banda la kuku. Sikukulaumu. Ila nauliza, hivi kwa mtoto wa kike ndiyo hesabu inakuja na wazee na mizani?

MZAZI: Mke wangu, bodaboda ilionekana. Ilikuwa chuma, unaigusa. Na wa kiume nilijua analala wapi.

MAMA: Sasa umesema lako la moyoni. Si pesa.

MZAZI: Ni pesa na hilo. Binti wa miaka 19, Dar es Salaam, asipopata hosteli, anapanga chumba Sinza na wenzake. Wewe hulali, mimi silali.

MAMA: Nimesuka mikeka ya ukindu miaka ishirini nikiuza kwa watu wa mabasi. Kikoba changu kiko. Silali hivi sasa nikimtazama amekaa. Huko akiwa anasoma, angalau nitakosa usingizi kwa jambo.

MWALIMU: Na tusiongee kama vile chuo ni Dar es Salaam pekee. Dodoma kuna chuo kikuu kilichoanzishwa 2007, kina ndaki nzima ya mambo haya na mabweni. Mzumbe ipo, Arusha ipo. Na usidhani kila kozi yenye neno kompyuta ni ileile, Mzee. Sayansi ya kompyuta inakwenda ndani kwenye hisabati. Uhandisi wa kompyuta ni miaka minne, unagusa umeme na vifaa. Teknolojia ya habari ni kuichukua mitambo na programu na kuifanya itumike mahali: benki, hospitali, bandari, chama cha ushirika. Ndiyo aliyochagua binti. Nadhani alijua anachochagua.

FUNDI: Benki, hospitali, bandari. Kwa Mtawanya kipo kipi? Mwalimu unamfundisha kuondoka. Kila anayesoma anaondoka, halafu tunabaki sisi tusiosoma tukiambiwa mfumo unasumbua. Mwenye shahada akirudi, anarudi kwa kuwa kashindwa. Samahani, kaka, sikukusudia wewe.

MHITIMU: Ulinikusudia, na ni kweli. Nimerudi kwa kushindwa. Ila toka nirudi nimetengeneza daftari la hesabu kwenye kompyuta kwa mawakala sita, bure, kisha wawili wakaanza kunilipa. Bado halijawa duka, lakini lipo.

MZAZI: Kabla hamjaendelea, mimi nina habari ya Mto Rufiji. Baba yangu alikuwa mtu wa bondeni. Alilima mlau: maji yakiingia anangoja, yakishuka anapanda kwenye unyevu, halafu analala kwenye dungu kufukuza nguruwe na ndege. Baada ya mafuriko ya 1968 wakahamishiwa huku juu. Alikufa anausoma mto kwa rangi ya maji na kelele za vyura. Sasa huko juu kuna bwawa la Mwalimu Nyerere, megawati 2,115, walianza kulijaza Desemba 2022. Aprili 2024 maji yakaingia Rufiji na Kibiti, mashamba yakaenda, watu wakalala mashuleni. Wengine wakasema ni bwawa, wengine wakasema ni mvua. Serikali ikasema bwawa limepunguza makali. Mpaka leo tukikaa barazani tunagombana. Baba yangu angejua. Sisi vyura hawatuambii kitu tena, maana maji yanafunguliwa na mtu.

MWALIMU: Na huyo mtu anafungua kwa takwimu! Kina cha maji kinapimwa, mvua inapimwa, maji yanayotoka yanapimwa, kila kitu ni namba zinazoingia kwenye kompyuta. Baba yako aliusoma mto. Mto wa leo unasomwa kwa namba, na watu wa chini ya mto ndio wanaohitaji kuzisoma kuliko wote. Huyo binti babu yake alikuwa mtaalamu wa taarifa, tena wa daraja la juu.

FUNDI: Umekwenda mbali sana, Mwalimu. Kutoka kwenye chumba cha Sinza mpaka kwenye milango ya bwawa kuna safari, na hajapatikana wa kulipa nauli.

MWALIMU: Kuna Bodi ya Mikopo. Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, wenyewe wanaiita bumu. Ada nayo inaweza kulipwa yote au sehemu.

MHITIMU: Au isilipwe kabisa. Mwalimu, usimfiche Mjomba. Majina yanatoka kwa awamu. Wengine wanapata asilimia yote, wengine sehemu, wengine wanasubiri awamu ya mwisho mpaka mitihani inafika. Ada ni milioni moja na ushee kwa mwaka, na bado bando, bado laptopu, maana kusoma fani hii bila kompyuta yako ni kujifunza kuogelea mchangani. Vyuo vinafunguliwa Oktoba, Novemba. Korosho ndiyo kwanza zinaokotwa, hela haijaingia. Ukibanwa kipindi hicho, ndipo yule mtu wa Dar es Salaam anakuja mara ya tatu, na bei anaipanga yeye.

MZAZI: Na huo mkopo una riba?

MWALIMU: Kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Iliondolewa 2021. Sasa anarudisha alichokopa. Akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka umalizike.

MZAZI: Akiajiriwa.

MHITIMU: Mimi sijaanza kukatwa. Si jambo la kujivunia.

FUNDI: Basi aanze na ngazi. Kuna vyuo vya VETA, kuna cheti, kuna stashahada. Akipata stashahada yenye wastani wa 3.0 anaingia shahada, na njiani anakuwa na kitu cha kushika. Au Chuo Kikuu Huria, anasoma huku anafanya kazi kwangu. Nitampa meza, sitanii. Mwaka wa pili akiniacha, aniache.

MWALIMU: Ngazi ni ya aliyekosa mlango, fundi. Huyu mlango umefunguka. Kumwambia apande dirishani ni kumpotezea miaka miwili ambayo kwa binti wa hapa...

MAMA: ... itakuja posa. Sema tu. Ishakuja moja.

MZAZI: Mwenyewe mmemsikia? Tumemwongelea tangu asubuhi kama vile yuko safarini. Njoo hapa, mwanangu.

BINTI: Shikamooni. Nilikuwa nasikia, jikoni hapana ukuta. Baba, zile stakabadhi zako za korosho huzitupi, unazifunga kwenye mfuko wa rambo. Nilizichukua za misimu mitatu, nikazilinganisha na kilo tulizopima nyumbani kwa mzani wa duka la jirani kabla hazijaondoka. Niliandika kwenye daftari la fizikia, kurasa za nyuma. Gunia moja likienda peke yake, kilo ni zilezile. Yakienda zaidi ya matano kwa pamoja, kilo zinapungua, kila mara. Sijui ni karani, sijui ni namna wanavyojumlisha, sijui ni unyevu. Nimejaribu kutafuta kwenye simu nikashindwa, kwa sababu ni hiyo aliyosema kaka, sijui natafuta kitu gani. Nataka kusoma mpaka nijue.

MZAZI: Kwa nini hukuniambia?

BINTI: Ungeenda kugombana na karani, ukaambiwa mfumo unasumbua.

FUNDI: Daftari hilo liko wapi?

BINTI: Ndani. Shikamoo fundi, na ile meza naishukuru. Mkopo usipotoka mwaka huu nitakuja, nitajaza Chuo Kikuu Huria, sitasema nimeonewa. Kaka, ukinipa notisi zako za hifadhidata nitazisoma kabla, na kile Kiingereza nitaanza nacho sasa. Mwalimu, nimejaza chaguo tatu. La kwanza ni Dodoma kwa sababu ya mabweni, ili Mama alale.

MZAZI: Na shamba? Yule mtu anasubiri simu yangu.

BINTI: Sijaomba uuze, Baba. Hata siku moja sijalitaja shamba, mmelitaja ninyi. Fomu ya mkopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, hicho tayari. Inataka mdhamini: jina, picha, namba ya kitambulisho cha Taifa, na saini. Halafu serikali ya kijiji inagonga muhuri, hakimu au wakili anathibitisha, tunaiskani, tunaituma.

FUNDI: Kuskani ni kwangu. Bure.

MZAZI: Sijasema ndiyo.

BINTI: Najua. Kalamu hii hapa. Mtendaji yuko ofisini mpaka saa tisa na nusu.